Picha ya Kutisha na Maoni ya Watazamaji

Muhula huu wanafunzi wa chama cha filamu cha shule yetu wametengeneza kionjo cha picha ya kutisha. Kionjo, kwa wazazi wasiolizoea neno hili, ni kipande kifupi kinachotangulia picha yenyewe ili kuwatia watu hamu ya kuja kuitazama. Vijana wengi hukiita trela. Hiki chetu ni cha dakika 2 na nusu tu. Kimepigwa kwa simu, vipande vyake vimeunganishwa katika kompyuta ya shule, na sauti zilizomo, pamoja na ule mlio wa mlango uliowafanya wapishi watoke jikoni, zimetengenezwa na wanafunzi wenyewe bwaloni kwa masufuria na mabati. Kazi hiyo yastahili sifa, nami naisifu. Lakini sikushika kalamu leo ili kusifu kionjo. Nataka kusema juu ya kazi iliyofuata, yaani kuwauliza watu maoni yao, maana naona ilichukuliwa kuwa kazi ndogo ya kumalizia, kumbe ndiyo kubwa.

Mambo yalikwenda hivi. Kionjo kilionyeshwa ukumbini Jumamosi usiku mbele ya shule nzima. Kilipokwisha taa ziliwashwa, karatasi zikagawiwa, na katika kila karatasi yalikuwamo maswali mawili: "Je, umekipenda kionjo?" na "Je, kinatisha?" Karatasi zilirudi haraka sana. Karibu zote zilijibu ndiyo na ndiyo. Wengine waliongeza "Hongereni," na mmoja aliandika kwamba angependa siku za nyama ziongezwe. Wanachama walifurahi, wakabandika hesabu ya majibu ubaoni, na jambo likaonekana limekwisha.

Mimi nasema karatasi zile hazikutuambia neno, isipokuwa ile ya nyama.

Tazameni kwanza ni nani aliyeuliza. Aliyeuliza ni yule yule aliyetengeneza, naye alisimama mlangoni akipokea karatasi kwa mikono yake. Wazee walisema mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Na aliyeulizwa ni rafiki yake, au mdogo wake wa bweni moja, ambaye kesho atakutana naye kwenye foleni ya uji. Tena sisi watu wa Ngara na Biharamulo, kama walivyo wengi katika nchi yetu, hatukulelewa kumwambia mwenyeji mbele ya sahani yake kwamba chumvi imezidi. Twala, twashukuru, twaaga. Tukifika njiani ndipo twasema. Basi mwenye kutaka kujua habari ya chumvi hana budi kuwapo njiani, si mezani.

La pili ni habari ya kundi. Watu walioketi pamoja gizani si watu 400 tena, bali ni kama mtu mmoja mwenye vichwa 400. Sisi wa mkoa wa Kagera yatupasa kulijua jambo hili kuliko wengine. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya misioni pale Kashasha, mahali ambapo leo ni wilaya ya Muleba, wasichana 3 walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko kikaenea, kikafuatana na kilio na hofu, na shule ilipofungwa tarehe 18 Machi wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha kupatwa. Kisha kikahamia vijijini, hata Nshamba. Madaktari waliotafuta sumu au vijidudu hawakuona kitu. Watu wa nchi za mbali hukisimulia kisa hiki kama jambo la kuchekesha, lakini waliokuwapo hawakucheka kwa furaha. Sisemi kwamba kionjo chetu kitafunga shule. Nasema kwamba ukisikia ukumbi mzima umepiga kelele, hujui bado kama wameogopa watu 400, au ameogopa mmoja wa mstari wa mbele na waliobaki wakamfuata.

Na wapo wanaoficha. Wavulana wa Kidato cha Pili waliandika, karibu wote, kwamba hawakuogopa hata kidogo, na mmoja wao alisema picha ile yawafaa watoto wa chekechea. Lakini mlezi wa bweni lao aliniambia kwamba usiku ule hawakwenda chooni ila watatu watatu, na taa ya ukumbi wa bweni haikuzimwa mpaka alfajiri. Sasa nauliza, maoni yao ni yapi, yale ya karatasi au yale ya njia ya chooni?

Wala si sisi wa kwanza katika nchi hii kuwauliza watu juu ya picha. Mwaka 1935 ilianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, kazi iliyoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya Meja L. A. Notcutt na Bwana G. C. Latham, kwa fedha zilizotoka hasa katika Shirika la Carnegie la Marekani. Kwa muda wa miaka 2 hivi walipiga picha za kilimo, za magonjwa, za benki ya posta na za kodi, waigizaji wakiwa Waafrika, na sauti ikitoka katika sahani za santuri. Wakazipakia katika lori wakazionyesha Tanganyika, Kenya, Uganda, na hata katika nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Walitaka sana kujua wenyeji wazionaje picha zile, nao waligawa karatasi za maswali kama sisi. Lakini karatasi hujazwa na ajuaye kuandika. Mawazo ya mama aliyesimama gizani na mtoto mgongoni yalipita kwanza katika kalamu ya ofisa, au mmisionari, au mwalimu, naye aliandika kile alichodhani mama yule amekiona. Kazi ile ilikoma mwaka 1937. (Miaka 15 baadaye, katika picha ya "Muhogo Mchungu" ya mwaka 1952, aliigiza kijana Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Wanachama wa chama cha filamu wasikate tamaa.)

Wale waliofanikiwa kutisha watu duniani hawakutegemea karatasi peke yake. Chukueni mfano wa picha ya "Jaws" ya mwaka 1975, habari za papa mla watu, iliyoongozwa na Steven Spielberg. Kabla ya kuitoa kwa watu wote waliionyesha kwanza kwa watazamaji wa majaribio, na mwenyewe amesimulia kwamba alisimama nyuma akiwatazama watu, si picha. Alimwona mtu mmoja akiinuka, akatoka mbio, akatapika nje, kisha akarudi kitini pake kuendelea kutazama. Hapo akajua. Mtu yule hakuandika neno lo lote, lakini hakuna karatasi iliyosema wazi kuliko miguu yake. Tena Spielberg alipoona watu wamepiga kelele, akatamani kelele moja zaidi, akaenda kupiga upya kipande cha kichwa cha maiti kinachojitokeza katika tundu la mashua. Alikipiga katika bwawa la kuogelea la Verna Fields, aliyekuwa mhariri wa picha ile. Kelele akaipata. Lakini akatambua jambo lingine, kwamba kelele ya baadaye, ile ya papa mwenyewe anapotokea, ilipungua, kwa kuwa sasa watu walikuwa wamejihadhari. Hili nawapa wanachama wetu bure: katika dakika 2 na nusu wametia vitisho 7. Baada ya cha 3 mtazamaji amekwisha kunja mikono.

Hata hivyo miguu nayo huweza kudanganya. Picha ya "Paranormal Activity" aliipiga Oren Peli mwaka 2006 katika nyumba yake mwenyewe, kwa muda wa siku 7 hivi, kwa fedha zisizofika dola 20,000. Husimuliwa kwamba ilipoonyeshwa kwa majaribio watu walianza kutoka ukumbini mmoja mmoja, na wakubwa wa kampuni wakadhani picha imewachosha. Walipoulizwa, kumbe wametoka kwa hofu. Kwa hiyo kutazama peke yake hakutoshi, na kuuliza peke yake hakutoshi. Lazima umtazame mtu, kisha umwulize kwa upole habari ya kile ulichokiona akikifanya.

Basi, kwa ruhusa ya chama, kionjo kilionyeshwa mara ya pili kwa namna nyingine. Safari hii watu waliingia darasani 8 kwa 8: wanafunzi wa Kidato cha Kwanza peke yao, wa Kidato cha Tano peke yao, wapishi na walinzi peke yao, na wazazi waliokuja kwa kikao chao wakapewa zamu yao. Waalimu hawakuruhusiwa kuketi pamoja na wanafunzi, kwa sababu mwanafunzi hapigi kelele mbele ya mwalimu wake wa hesabu. Wanafunzi wawili wasio wanachama waliketi mbele wakikipa kiwambo mgongo, wakatazama nyuso, na daftari na saa mkononi. Walikuwa wakiandika tu: sekunde ya 20, kimya, sekunde ya 35, kicheko, sekunde ya 50, mmoja amefumba macho. Kisha kila mtazamaji aliitwa peke yake nje, chini ya mwembe, akaulizwa jambo moja tu: "Tafadhali nisimulie ulichokiona." Wazee waliamkiwa kwanza, wakapewa kiti, wakaulizwa kwa lugha waliyoitaka, Kihangaza, Kisubi, Kisukuma au Kiswahili. Hawakuulizwa kama wameipenda.

Sasa yafaa nieleze kionjo chenyewe, maana wazazi wengi hawajakiona. Basi la usiku laharibika katikati ya pori. Abiria washuka. Msichana mmoja ajitenga kidogo, asikia akiitwa jina lake. Atazama, aona kando ya njia bibi kizee amesimama na mzigo wa kuni, macho yake mekundu, hasemi kitu. Msichana akimbia mpaka mtoni. Majini pana kitu cheupe kinaelea. Kisha damu, kelele, giza, na maandishi ya kuwaambia watu waingoje picha.

Matokeo yalikuwa mengi, mengine nayapita upesi. Damu ilichekwa na vikundi vyote. Kidato cha Kwanza waliitambua kuwa nyanya ya kopo, na mmoja alisema aliila na wali Jumapili. Muziki wa mwisho, uliowagharimu wanachama siku 3, haukumshitua mtu, bali ule mlio wa sufuria wa mwanzoni uliwashitua wote.

Lakini mambo matatu yataka kusemwa kwa kirefu.

La kwanza ni lile pori. Wanafunzi walilipita bila kujali. Kwao basi bovu ni basi bovu. Wazazi, la. Lilipozimika taa, wale waliokuwa wakitazama nyuso waliandika kwamba wazazi wote 8 wameinama mbele. Na chini ya mwembe walizungumza mpaka wakacheleweshwa kikaoni. Maana wao waikumbuka miaka ile mabasi yalipovuka mapori ya Kasindaga na Kimisi yakisindikizwa na askari wenye bunduki, kwa ajili ya majambazi waliokuwa wakiteka magari. Mzee mmoja alisema kwamba hofu ya kionjo haikuwa kwa yule msichana, ilikuwa kwa dereva, kwa sababu dereva hukaa mbele. Wanachama wetu walizaliwa baada ya hofu ile kupungua, wakaigusa pasipo kujua. Hapa ndipo maoni ya watazamaji yana faida kubwa. Mtengenezaji aambiwa kwamba ameshika kamba nono ambayo hakujua kwamba ameishika. Ningekuwa mimi, ningeliacha basi lile lizimike sekunde 30 nzima, pasiwe na kitu kingine.

La pili ni mto. Kile kitu cheupe, ambacho ni shuka la bweni lililojazwa majani makavu, kiliwafurahisha Kidato cha Kwanza. Katika kikundi cha wazazi mama mmoja aliinuka akatoka, na mzee mwingine akatazama chini mpaka mwisho. Kama tungekuwa na hesabu ya waliotoka tu, tungesema kama wale wakubwa wa kampuni, ama picha mbaya ama picha nzuri sana. Mama alipoulizwa kwa upole alisema maneno machache: "Mwalimu, sisi tuliyaona hayo kwa macho." Wanafunzi wengine hawakuelewa, na ni haki yao, hawakuwapo. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa kama saa 24 tu, wakakaa Benaco, na kambi ile ikawa kama mji mkubwa kuliko miji yetu yote. Katika miezi ile mto Kagera ulichukua maiti za watu waliouawa, ukazipeleka mpaka Ziwa Victoria. Waliokaa karibu na mto waliziona zikipita.

Vijana wengine walisema, baada ya kuelezwa, kwamba basi hilo ndilo la kutisha hasa, tuliache. Mimi sikubali. Sisemi kwamba mambo yale yasipigwe picha. Yafaa yapigwe, na wazee wahojiwe wangali hai, na shule za Ngara zingekuwa za kwanza kufanya hivyo. Lakini jambo la uzito huo lataka picha yake yenyewe, wala halikai katika sekunde 4 kati ya basi bovu na nyanya ya kopo. Mtu alipaye nauli kuja kumtazama mwanawe siku ya wazazi hakuja ili arudishwe Rusumo bila kuarifiwa.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Katika kionjo hakuna mtu hata mmoja anayetamka neno mchawi. Nimekitazama mara nyingi, halimo, wala katika maandishi, wala katika sauti. Bibi yule amesimama tu na kuni zake. Lakini walipoambiwa "nisimulie ulichokiona," karibu wote, wakubwa kwa wadogo, walisema: "Nikaona bibi mchawi." Wengine waliongeza kwamba ndiye aliyemwita msichana, na kwamba ndiye aliyeua yule wa mtoni. Hayo yote hayamo. Waliyaleta wenyewe kutoka nyumbani, kwa sababu ya macho mekundu tu.

Mwandishi wa hadithi, kijana hodari wa Kidato cha Tano, alishangaa sana. Kwa maana katika hadithi yake kamili bibi huyo ni mwema. Ndiye anayemwokoa msichana, na aliyekuwa akimwita ni mwingine kabisa. Nimeisoma hadithi, ni nzuri, na bibi ametendewa haki. Lakini kionjo si hadithi. Hadithi ina saa nzima ya kumsafisha bibi, kionjo kina sekunde 6 za kumchafua, kisha chasema "Ingojeni." Na kionjo hakikai ukumbini. Mtoto mmoja akirusha kwa simu, jioni kiko Lusahunga, asubuhi kiko Nyakanazi, na keshokutwa kiko mahali ambapo hakuna ajuaye kwamba kuna picha kamili. Wengi watakaokiona kionjo hawataiona picha. Kwao bibi atabaki kando ya njia siku zote, na macho yake mekundu.

Nanyi mwajua tunakaa wapi. Wilaya ya Biharamulo yapakana na nchi ambako wazee wanawake wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho yao. Hili si jambo la siri. Magazeti yameliandika kwa miaka mingi, na Serikali na wachungaji na mashehe wamelisemea. Macho hayo ni mekundu kwa nini? Kwa sababu ya moshi. Mwanamke aliyepika kwa kuni miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha, na mahali pengine kwa mavi ya ng'ombe palipokosa kuni, macho yake huwa mekundu. Yaani tunamwogopa bibi kwa alama aliyoipata akitupikia. Mambo ya namna hii hayajakwisha katika mkoa wetu: mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliuawa Muleba, kwa imani zile zile za kwamba mwili wa jirani ni dawa au ni sumu. Kwa hiyo nawaomba wanachama waufikirie pia ule uso uliopakwa unga wa sembe, unaopita dirishani katika sekunde ya 70. Wao walitaka mzimu. Kidato cha Kwanza wawili hawakuona mzimu.

Najua nitakavyojibiwa, maana nimekwisha kujibiwa hivyo. Kwanza, ati huu ni mchezo tu, na picha za kutisha zimejaa uchawi duniani kote. Naam, na hapa kwetu pia. Katika miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa "Nsyuka" na "Shumileta," na vibanda vya video vilijaa watu. Lakini jini na mzimu hawana nyumba kijijini. Hakuna mtu atakayetoka kibandani usiku akaenda kugonga mlango wa jini. Bibi mwenye macho mekundu mlango wake waujua, ni wa tatu kutoka kisimani. Jibu la pili, ati mwalimu anataka kuwakataza wasanii uhuru wao. Hasha. Mimi sikumkataza mtu. Nimesema tu kwamba mliuliza watu, nao wamejibu, na jibu lao ni kubwa kuliko mlivyotazamia. Msanii akiisha kuuliza, hawezi kusema kwamba hakusikia.

Na tena, kwa upande wa usanii wenyewe, bibi hana faida. Katika madaftari ya wale waliotazama nyuso, sekunde zake ni za kimya cha kawaida: watu hawakuruka vitini, walitikisa vichwa kama mtu aonaye jambo alilolitazamia. Bali sekunde zile 5 kabla yake, msichana anapoitwa jina na hakuna mtu, ndizo zilizofumba macho ya watu wengi. Yule papa wa "Jaws" haonekani kwa sehemu kubwa ya picha, na moja ya sababu ni kwamba papa wa chuma waliyemtengeneza aliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, wakalazimika kumwacha nje. Ubovu wa mashine ukawafundisha. Sauti inayokuita jina lako, kwa lafudhi ya mama yako, mahali ambapo mama yako hawezi kuwapo, yamtosha mtu wa Ngara na mtu wa London.

Chama kilikutana Alhamisi iliyopita, mkutano ukachukua saa mbili. Wanachama 11 walikubali bibi atolewe katika kionjo na abaki katika picha kamili. Wanachama 4 walikataa, na sababu zao wataziandika wenyewe katika toleo lijalo, nami nitazisoma. Shuka la mtoni limetolewa kwa kauli moja. Juu ya uso wa unga hawajaamua.

Siku ya wazazi kionjo kitaonyeshwa tena, katika darasa la Kidato cha Tatu, watu 8 kwa 8, kuanzia saa nne asubuhi. Nawaomba wazazi waje na bibi na babu walioko nyumbani, hasa wale ambao hawajapata kuulizwa maoni yao juu ya picha yo yote. Hakuna haja ya kujua kuandika. Watoto walio chini ya miaka 10 wabaki uwanjani kwenye mpira. Mtakapotoka, mwanafunzi asiyekuwa mwanachama atawaamkia, atawapa kiti, naye atawauliza mambo mawili tu: mmeona nini, na mmemwogopa nani. Tafadhali mwambieni kweli, ingawa ni mtoto wa jirani. Viti vipo 16, na mwembe una kivuli cha kutosha mpaka saa tisa.